Mabenchi Matatu Matupu

Ludovick alikuwa katekista mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha dini katika kigango, kanisa dogo la kijiji kimoja nje ya Mlali, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemlalamikia kwamba hasikiki. Malalamiko aliyoyapata, tena kutoka kwa mke wake, ni kwamba anasikika mno.

Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipofariki na shamba likabaki bila mtu. Kusoma alijua, kuandika alijua, na majibu ya katekisimu yalikaa kichwani mwake kama karanga ndani ya ganda lake. Maneno ya kuzunguka hakuyapenda. Ukimuuliza kama umenenepa, atakwambia umenenepa.

Pale kigangoni kulikuwa na sheria moja ambayo hakuitunga yeye. Aliirithi kwa marehemu Bartolomayo, katekista aliyemtangulia. Wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, walifundishwa wakiwa wamesimama kule nyuma, karibu na mlango. Mabenchi yalikuwa ya waliokwisha batizwa. Bartolomayo alikuwa akisema kwamba anayekaa husinzia, na kwamba mtu akizoea benchi kabla ya ubatizo hataona tofauti siku akibatizwa. Ludovick aliona hayo ni maneno ya akili, akayashika. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada, waumini walipokuwa wamekwenda kula na kanisa limebaki tupu, wakatekumeni wake saba waliendelea kusimama nyuma kwa saa mbili nzima. Yeye alikaa mbele kwenye kiti cha mbao, kitabu kikiwa magotini.

Kati ya hao saba alikuwemo Mzee Ndahani. Alikuwa Mgogo, mfugaji, umri wake sitini na kitu, mrefu, mkavu, hatembei bila fimbo. Mke wake alibatizwa zamani, na watoto wake wote, kuanzia Nathanaeli, mzaliwa wa kwanza. Yeye peke yake ndiye alikuwa amebaki nje, na wazee wenzake walimtania kwamba ni beberu aliyekataa zizi. Halafu mwaka juzi akaja mwenyewe, bila kuitwa na mtu. Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja, si ya mvua, si ya kulima. Kiswahili chake alikichota kidogo kidogo kama maji ya kisima cha kiangazi, lakini alichojibu alikuwa amekifikiri. Ludovick hakuwahi kumsifu, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kusifu. Moyoni, hata hivyo, alijua kwamba kama kuna mmoja katika wale saba anayemtafuta Mungu kwelikweli, basi ni huyu.

Ndiyo maana jambo la Jumapili ya pili ya Kwaresima lilimchoma.

Siku hiyo alikuwa anafundisha habari za Abrahamu. Alikuwa amefika katikati, anasoma kwa sauti yake ile ya kuamsha kijiji, Mzee Ndahani alipovaa kofia yake, akageuka, akatoka. Hakuaga. Fimbo yake ilisikika ikigonga changarawe za nje, tok, tok, mpaka ikapotea. Ludovick akainua macho kutoka kitabuni, na hasira ikamtangulia akili.

Akapaza sauti ili imfikie njiani. "Nenda, Mzee. Mbuzi wako hawana maswali ya kujibu."

Waliobaki walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Alipofika nyumbani Ludovick alifungua daftari la wakatekumeni, akapiga mstari juu ya jina la Ndahani. Kalamu ilikuwa haiandiki vizuri, ikabidi apige mara tatu.

Jumapili iliyofuata mzee hakuja. Mama Nathanaeli, mkewe, alipoulizwa baada ya ibada alisema mumewe anamsalimu katekista. Ludovick akauliza, na kingine? Akajibiwa kwamba hakuna kingine, ni salamu tu. Ludovick alielewa. Salamu tupu kutoka kwa mtu aliyeondoka hivyo ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Na siku zilikuwa zinakwenda. Paroko alikwisha agiza kwamba orodha ya watakaobatizwa Pasaka ifike parokiani kabla ya Jumapili ya tano. Asiyekuwemo angesubiri mwaka mzima. Kwa kijana, mwaka si kitu. Kwa mzee aliyeondoka na uchungu, mwaka ni njia ndefu isiyo na kisima, na Ludovick aliona wazi kwamba Ndahani akipitwa na Pasaka hii hatarudi tena. Usiku hakulala vizuri. Alianza kujiuliza jambo ambalo katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kujiuliza: huenda yeye ndiye anayewachosha watu. Akaamua. Mzee asiporudi, atampelekea paroko ule msalaba wa shaba anaopewa katekista siku ya kutumwa, aukabidhi, akalime alizeti zake kwa amani.

Wiki hiyohiyo ilikuwa na semina ya makatekista Dodoma mjini. Ludovick alikwenda kwa sababu jina lake lilikwisha andikwa. Siku mbili za kwanza alisinzia akiwa ameketi, jambo lililothibitisha maneno ya marehemu Bartolomayo. Siku ya tatu akasimama mbele yao mtawa mmoja, Sista Yasinta, mfupi, mwenye miwani mizito, akawauliza ni nani kati yao amewahi kuwa anafundisha dini huku yeye mwenyewe anajisikia kuchoka na maneno yake.

Makatekista arobaini wakatazama meza. Ludovick akanyoosha mkono.

"Mimi nimechosha watu mpaka mmoja ameondoka na fimbo yake."

Watu wakacheka. Nyuma yake alikuwa ameketi Ernest, katekista kijana wa mjini, shati limenyooka kama karatasi. Akamwinamia na kusema, "Mzee wangu, wenzako tunaongeza kundi, wewe unapunguza."

Sista hakucheka. Alimtazama Ludovick, akamwambia, "Kaka, usione aibu. Una ndugu yako Karthago."

Akawasimulia. Karthago ulikuwa mji wa pwani huku Afrika ya kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Yapata miaka mia nne baada ya Kristo aliishi huko shemasi mmoja jina lake Deogratias. Watu waliotaka kuwa Wakristo walipelekwa kwake, kwa kuwa alijulikana kuwa mwalimu mzuri. Wengine walimwona mzuri, yeye alijiona mbovu. Mara nyingi alipokuwa katikati ya mafundisho alihisi maneno yake yamekufa mdomoni, akajichosha mwenyewe, na akawaza: kama mimi nimechoka, je, huyu anayenisikiliza? Mwisho akamwandikia barua askofu wa mji mwingine, Hipo, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Askofu huyo ndiye Mtakatifu Augustino.

Ludovick alimjua Augustino kwa picha, mzee mwenye ndevu na kofia ndefu. Akakaa sawa kusubiri karipio. Mkubwa akiandikiwa na mdogo kwamba kazi imemshinda, atamjibu nini kama si karipio?

Lakini Augustino alijibu kwamba hata yeye hotuba zake humchukiza karibu kila mara. Kile anachokiona moyoni hupita haraka kama radi, na ulimi unabaki nyuma unakokota miguu. Akamwambia Deogratias asikate tamaa, kwani wanaomsikiliza hawamwoni vile anavyojiona. Akamwambia pia kwamba ukichoka kurudia mambo yaleyale, simama upande wa mgeni wako, utazame kwa macho yake. Mwenyeji hupita kila siku mahali pazuri bila kugeuza shingo, lakini siku akimtembeza mgeni hapo, naye anapaona upya.

Sista alivua miwani, akaifuta kwa shela lake, akaendelea. Kulikuwa na jambo dogo ndani ya barua hiyo, alisema, ambalo wengi hulipita. Katika makanisa ya huko Afrika siku zile ilikuwa desturi mwalimu akae na wanaofundishwa wasimame. Augustino akaandika kwamba ukimwona anayekusikiliza amechoka, mpe kiti. Tena ni bora umpe tangu mwanzo, kabla hajachoka. Bwana mwenyewe, ambaye malaika husimama mbele zake, Mariamu dada yake Martha alimsikiliza akiwa ameketi. Sisi ni akina nani basi tumzuie ndugu yetu kukaa? Na Augustino hakuishia hapo. Alikiri kwamba analijua jambo hilo kwa kupatwa nalo mwenyewe. Siku moja alikuwa anamfundisha mtu mmoja wa shamba, na mtu huyo akaondoka.

Ludovick akainama mbele.

Aliwaza habari za babu yake, aliyezaliwa mwaka wa njaa ya Mtunya, ile ya wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Nyuma ya babu alimjua mtu mmoja tu, kwa jina tu. Zaidi ya hapo katika ukoo wake wote ilikuwa giza, watu waliolima, wakazika, wakazikwa, hakuna aliyejua hata walikuwa warefu au wafupi. Na hapa kulikuwa na mkulima ambaye miguu yake ilimuuma karibu miaka elfu moja na mia sita iliyopita, katika Afrika hiihii, na aliyemchosha alikuwa mtakatifu mkubwa wa Kanisa, na mtakatifu hakuficha. Angeweza kuficha. Nani angejua? Aliandika, ili shemasi mmoja aliyekata tamaa asifanye kosa lile. Kisha barua ikavuka vita, ikavuka bahari na falme ambazo Ludovick hakuzijua hata majina, ikaja kumpata yeye, mtu wa darasa la nne, katika ukumbi wa Dodoma wenye feni mbovu, na mkosaji mwenzake anamnong'oneza: najua, hata mimi.

Alitaka kuuliza kitu, sauti ikakataa kutoka. Hiyo nayo ilikuwa mara ya kwanza.

Semina ilipokwisha alikwenda Majengo kwa miguu, duka la vyombo la Rajabu. Yeye na Rajabu wametaniana tangu ujana, tangu Ludovick alipokuwa akileta karanga sokoni. Babu zake walikuja Dodoma na misafara ya biashara, wakaoa, wakabaki. Ludovick akamwambia anataka kiti kimoja cha plastiki. Rajabu akataka kujua cha nini, na akiisha kusimuliwa, akaweka kalamu chini.

"Yaani nyinyi mnawasimamisha watu wazima saa mbili? Madrasa yetu hata mtoto wa miaka minne ana mkeka."

Ludovick akasema ndiyo maana amekuja.

"Sasa kiti kimoja cha nini? Una mwanafunzi mmoja?"

"Mabenchi ninayo. Hiki ni cha kuombea radhi."

Rajabu alifikiri. Alisema ameuza viti vya harusi, vya msiba na vya kampeni, lakini cha kuombea radhi hajawahi. Akakirudisha kiti alichokuwa amekitoa kwanza, akaingia ndani, akatoka na kingine chenye mikono. Mtu mzima, alisema, anahitaji pa kushika anaponyanyuka.

Jumamosi asubuhi Ludovick alikibeba kiti hicho kichwani kutoka kwake hadi kwa Mzee Ndahani, mwendo wa saa moja. Wanawake waliokuwa wakipalilia walimuuliza anahamia wapi. Akawaambia wapalilie.

Alimkuta mzee nje ya zizi amekalia kigoda chake, amembana mbuzi kati ya magoti, anamchonga kwato kwa kisu. Ludovick akashusha kiti, akatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba bila kuinua macho. Akaendelea na kwato.

Kila mtu wa huku anajua mgeni anavyopokewa katika nyumba kama ile. Kabla hujaulizwa habari za ulikotoka, kabla ya maji, unaletewa kigoda. Hata anayekuja kudai huletewa. Ludovick alisimama akisubiri. Mama Nathanaeli akatokeza mlangoni ameshika kigoda. Mumewe akainua kiganja, bila kusema neno, na mama yule akarudi ndani.

Basi Ludovick akabaki amesimama. Kiti cha plastiki kilikuwa hapo pembeni yake, kipya, chekundu, naye hakuthubutu kukikalia. Mzee alimaliza kwato za mbuzi wa kwanza, akamwachia, akaita wa pili. Jua likapanda. Jasho likamteremka Ludovick mgongoni, kisha kiuno kikaanza kusema, kisha magoti. Akabadilisha mguu. Akabadilisha tena. Akakumbuka kwamba kule kanisani, kila alipowaona wanabadilisha miguu, aliwaambia wasicheze. Hapo ndipo alipoelewa kwamba yuko darasani.

Mbuzi wa tatu alipoachiwa, mzee akafuta kisu kwenye nyasi.

"Umechoka?"

"Nimechoka, Mzee."

"Mguu wangu huu ulivunjwa na dume la ng'ombe. Miaka miwili nimesimama juu yake kwako."

Ludovick akamuuliza kwa nini hakusema.

"Tangu lini mgeni akadai kigoda?"

Mzee akamwambia asidhani aliondoka kwa sababu ya mguu. Kwa mguu angesimama mpaka Pasaka, na Pasaka nyingine. Alisema alikuwa amejiambia kwamba labda nyumba ya Mungu ina desturi yake, na mgeni hafundishi wenyeji. Akakitazama kisu.

"Lakini siku ile ulikuwa unasoma habari za Abrahamu. Umesoma kwamba aliona watu watatu asiowajua, akawakimbilia. Akawakalisha kivulini, akawaletea maji ya miguu. Na wale kumbe ni Mungu amekuja. Nikatazama mbele. Mabenchi matatu, matupu. Nikasema, huyu anayesoma, anasikia anachosoma?"

Habari hiyo Ludovick alikuwa ameisoma kila Kwaresima, mara ishirini na mbili. Aliweza kuisema akiwa amefumba macho. Sasa aliona ni kama hajawahi kuisikia. Mungu alikuja kwa Abrahamu kwa miguu, na vumbi, akakalishwa. Na kwake yeye Mungu alikuja Jumapili mia moja, na fimbo mkononi, naye akamweka mlangoni.

"Sikuwa nasikia," alisema. "Nisamehe, Mzee wangu. Na yale maneno ya mbuzi pia."

Mzee akageuza shingo, akamwita mkewe. Kigoda kikaja.

Ludovick alikaa, na magoti yake yakamshukuru waziwazi. Akaulizwa habari za safari, sasa kwa utaratibu, na za mvua huko Dodoma. Hapo ndipo alipoanza kumsimulia habari za ile barua. Hakuwa na kitabu. Alisimulia habari za Deogratias aliyejichosha mwenyewe, na za askofu mkubwa ambaye maneno yake yalimchukiza, na jinsi mtu wa shamba alivyoondoka akiwa amechoka kusimama. Alisimulia polepole, akimtazama mzee usoni, akirudi nyuma pale alipoona hajaelewa, na neno likikosekana kwa Kiswahili mzee analitaja kwa Kigogo na wanaendelea. Alipofika mwisho alishangaa kuona Mama Nathanaeli amekaa karibu na wajukuu wanne, na mchunga mbuzi wa jirani ameegemea uzio, wote kimya, hakuna anayesinzia. Hakujua walikuja saa ngapi. Sauti yake, akagundua, ilikuwa ndogo.

Mzee akamgeukia.

"Yule mtu wa shamba," aliuliza, "alirudi?"

Ludovick hakuwahi kuliwaza swali hilo. Angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jibu zuri.

"Sikusikia kama alirudi. Tulichoambiwa ni kwamba aliondoka."

"Lakini huyo askofu hakumsahau."

"Hakumsahau."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayepima uzito wa mzigo. Akasimama kwa fimbo yake, akasema mbuzi wameshiba jua, wapelekwe majini. Kuhusu kiti alisema tu kwamba Ludovick akipeleke kanisani, kwani hapa kwake vigoda vipo. Kuhusu kesho hakusema lolote. Ludovick hakuuliza. Tangu lini mwenyeji akamlazimisha mgeni?

Jumapili ya nne, baada ya ibada, wakatekumeni sita walisimama nyuma kama kawaida yao. Ludovick akawaambia waje mbele wakae. Hawakuamini. Mmoja akauliza wamekosa nini. Ikabidi awashike mikono mmoja mmoja, na walipokaa walikaa pembezoni mwa mabenchi, nusu ya makalio, kama watu waliokalia mayai. Kile kiti chekundu alikiweka mbele ya wote. Yeye akasimama. Daftari lilikuwa mfukoni, na orodha ilitakiwa parokiani wiki hiyo.

Akasema wataanza upya habari za Abrahamu. Akasoma jinsi alivyokaa mlangoni pa hema mchana wa jua kali, na alisoma kwa sauti ndogo, kwa hiyo walisikia vizuri kilichokuwa nje. Walisikia upepo, na kuku. Akafika pale Abrahamu anapoinua macho na kuona watu watatu. Akanyamaza avute pumzi.

Tok.

Ilikuwa mbali, kwenye changarawe. Tok. Tok.

Ludovick aliweka kitabu juu ya benchi. Akaanza kutembea, kisha mtu huyu mzima, mwenye kitambi na miaka hamsini na miwili, akakimbia. Alipita katikati ya kanisa mbio, viatu vikipiga sakafu, akatoka mlangoni, wakatekumeni wakageuza vichwa vyote sita. Walimwona amefika kwa mzee na kumshika mkono kwa mikono miwili. Walimsikia mzee akimwambia, "Taratibu, utaanguka. Si unaona nakuja?"

Wakaingia pamoja, mwendo wa mguu mbovu. Mzee Ndahani alikitazama kile kiti chekundu, akakitingisha kwanza kuona kama kina nguvu, akakaa. Akalaza fimbo miguuni. Kofia akaivua, akaiweka gotini, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akaliona kanisa kutoka mbele: ile altare ndogo ya matofali, taa, msalaba. Alivitazama kimoja kimoja, bila haraka.

"Haya, mwalimu," alisema. "Anzia pale wageni walipokalishwa."